Gari Lililolala Miezi: Ufunguo Uje Mwisho

Gari likikaa uani miezi mitano halifi kwa kukaa. Huuawa siku ya kuamshwa, na muuaji mara nyingi ni mwenyewe. Ameshuka uwanja wa ndege jana usiku, leo ana harusi Kibaha, na ufunguo uko mkononi kabla hata chai haijapoa. Anapiga stata, haivuti. Anapiga tena, safari hii bila kuachia. Jirani analeta waya. Inapofika saa sita mchana stata inanuka moshi, plagi zimelowa petroli, na vijana wanne wanasukuma gari la otomatiki ambalo halitawaka hata wakilifikisha Chalinze.

Yote hayo yangeepukika kwa saa moja ya subira. Makala haya yanafuata mpangilio wa saa hiyo, na ndani yake ufunguo unakuja karibu na mwisho. Nazungumzia zaidi Toyota ndogo za petroli kama Vitz, IST, Passo na Raum, zile zinazoshuka bandarini Dar es Salaam zikitokea Japani, kwa kuwa ndizo zinazoachwa kwa wingi wenyewe wanapokwenda masomoni, kazini Ughaibuni au kuuguza wazazi mikoani. Dizeli na haibridi nitazitaja pale zinapokwenda njia tofauti.

Kwanza pima muda. Gari lililolala chini ya mwezi mmoja kwa kawaida halina shida zaidi ya betri. Likipita miezi mitatu, ongeza tairi na breki. Likipita sita, petroli nayo inaingia kwenye orodha ya washukiwa. Likipita mwaka, soma hapa ili ujue unachomwambia fundi, lakini kazi ya kuliwasha mwachie yeye.

Lizunguke, chungulia chini

Piga magoti uangalie sakafuni. Doa jeusi ni oili ya injini, na doa jekundu mara nyingi ni mafuta ya gia otomatiki au ya usukani. Maji ya kijani au ya waridi yenye utelezi ni ya rejeta. Harufu ya petroli ni habari nyingine kabisa: usiguse betri, usiwashe kitu chochote, ita fundi. Kama sakafu ni mchanga na huoni doa, tandika boksi chini ya injini uliache usiku mmoja, asubuhi litakuambia.

Kisha fungua boneti, taratibu. Injini iliyopoa miezi ni nyumba nzuri. Panya hupenda kujenga kwenye boksi la filta ya hewa na juu ya kifuniko cha plastiki cha injini, na wakishahamia wanatafuna waya. Fungua boksi la filta kwa mkono, kazi ambayo haihitaji spana kwenye magari mengi kwa kuwa ni vibanio tu. Ukikuta matambara, nyasi au maganda ya karanga, toa yote kabla injini haijapata nafasi ya kuyavuta. Fuata waya kwa macho ukitafuta palipong'atwa hadi shaba ikaonekana. Waya mmoja uliotafunwa unaweza kukutoza siku tatu za kubahatisha gereji, fundi akibadilisha pampu, kisha plagi, kisha sensa, na bili yote ikija kwako. Paka naye asisahaulike, maana hupenda kulala juu ya injini, na mkanda wa feni hauna huruma.

Nyuma ya gari, mulika ndani ya ekzosi. Nyigu wa udongo huziba tundu lolote wanalolipenda, na watoto wa jirani nao wana mambo yao. Kama gari lilikuwa chini ya mwembe, safisha majani yaliyojaa chini ya kioo cha mbele, pale penye waipa. Njia za maji zikiziba hapo, mvua ya kwanza inaingia hadi kwenye zulia.

Tairi hupoteza upepo zenyewe, kiasi cha psi moja au mbili kwa mwezi, hivyo miezi sita inatosha kuziacha zimelegea vibaya. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, na kwa gari dogo huwa karibu psi 30 hadi 35. Jaza kabla hujalisogeza. Angalia pia ubavu wa tairi. Tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT ni tarehe ya kutengenezwa, na 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu lenye nyufa za jua halifai kupelekwa Bagamoyo, hata kama maua yake bado yako juu.

Betri

Hapa ndipo penye kesi nyingi, na ndipo penye uongo mwingi.

Gari lililozimwa haliachi kula umeme. Saa, alamu, redio na kompyuta ya gari, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, zinaendelea kunywa kidogo kidogo. Kiwango cha kawaida ni miliampia 20 hadi 50. Chukua 50: kwa siku ni saa-ampia 1.2. Betri ya ukubwa wa NS60, inayotumika kwenye magari mengi ya hapa, ina saa-ampia 45 hivi ikiwa mpya. Gawanya, na utaona kwamba siku 37 zinatosha kuikausha kabisa, na stata ingekuwa imegoma muda mrefu kabla ya hapo. Joto la pwani linaongeza kasi, kwa sababu betri hupoteza chaji yenyewe hata ikiwa imechomolewa, na kadiri hali ya hewa inavyokuwa ya joto ndivyo inavyopoteza zaidi. Ukiwa umefungiwa alamu ya dukani au kifaa cha kufuatilia gari, hesabu hiyo ni mbaya zaidi.

Hesabu hiyohiyo inaivunja desturi moja iliyoenea sana, ya kumwachia ufunguo dada wa nyumbani au mlinzi "awe anawasha dakika tano kila Jumamosi". Kwa wiki nzima gari limekula saa-ampia nane hivi. Hata altaneta ikitoa ampia 20 wakati injini inanguruma palepale, dakika tano zinarudisha chini ya mbili. Zaidi ya hapo, injini haijapata moto wa kutosha kuukausha unyevu uliojikusanya ndani yake, kwa hiyo maji yanabaki kwenye oili na kwenye ekzosi. Gari linawashwa kila wiki na bado betri inakufa, tena ekzosi inaoza. Ni afadhali lisiguswe kabisa kuliko hivyo.

Sasa pima. Mita ya umeme ya bei ndogo kutoka maduka ya vifaa vya umeme inatosha. Weka kwenye volti za DC, gusisha waya mwekundu kwenye kichwa cha + na mweusi kwenye −. Betri iliyojaa na kutulia husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 iko robo tatu, 12.2 nusu, na 12.0 imebaki robo. Chini ya 11.8 ihesabu kuwa tupu. Usipokuwa na mita, washa taa kubwa na upige honi: zikiwa hafifu, jibu umelipata.

Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri unazuia umeme hata betri ikiwa nzima. Usioshe kabla hujachomoa. Anza na waya wa −, kwa kawaida ni spana namba 10, kisha wa +. Mimina maji ya moto yaliyokorogwa na magadi au soda ya kuokea, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha, rudisha + kwanza na − mwisho, ukaze. Paka vaselini au grisi kidogo juu. Nimeona watu wakinunua betri mpya kwa ajili ya uchafu ambao ungeondoka kwa maji ya sufuria moja.

Kama betri yako ni ya vifuniko sita, vifungue uangalie maji. Yakishuka hadi bamba za ndani zikaonekana, ongeza maji yaliyosafishwa ya betri. Maji hayo tu. Wapo wauzaji wa barabarani wanaosisitiza kuongeza asidi "ili ipate nguvu". Kinachopungua kwa joto ni maji, asidi inabaki, kwa hiyo ukiongeza asidi unaitengeneza iwe kali kuliko bamba zinavyoweza kuhimili. Vaa miwani. Ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15 bila kupunguza, kisha hospitali.

Njia bora ya kuifufua betri tupu ni kuichaji polepole kwa chaja ya ukutani au kwa fundi betri. Kiasi kizuri ni sehemu ya kumi ya ukubwa wake, yaani ampia nne hadi tano kwa NS60, usiku kucha. Fundi akikuahidi "nusu saa tu bosi", anakusudia kuichemsha. Ikishachajiwa, iache itulie saa kadhaa upime tena. Kama imerudi chini ya 12.4, au ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, hiyo imezeeka. Betri iliyokaa tupu miezi mingi hujenga chumvi ngumu ya risasi kwenye bamba, na mara nyingi hairudi tena hata ukiibembeleza. Hapo nunua mpya bila kinyongo.

Ukihitaji kuondoka leo, utabusti kutoka gari jingine. Fanya kwa mpangilio huu na usiubadilishe. Magari yote mawili yawe ya volti 12. Malori na mabasi mengi ni ya 24, na umeme huo ukiingia kwenye kontroli boksi yako gharama yake inaweza kuzidi ya betri mara kadhaa. Magari yasigusane. Zima yote. Waya mwekundu uanze kwenye + ya betri tupu, ncha ya pili kwenye + ya gari linalosaidia. Waya mweusi kwenye − ya gari linalosaidia, na ncha ya mwisho usiiweke kwenye betri tupu. Ifunge kwenye chuma kitupu cha injini yako, mbali na betri. Sababu ni kwamba betri hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ya ncha ya mwisho ikitokea juu yake inaweza kuipasua usoni mwako. Sigara nazo ziwe mbali. Liache gari linalosaidia lingurume dakika tano hadi kumi, ndipo ujaribu. Waya wa kubusti uwe mnene, wa shaba. Zile nyembamba za bei ya kutupa zinapata moto mkononi na stata haisogei. Ukimaliza, toa kwa kurudi nyuma, wa mwisho kufungwa uwe wa kwanza kutoka.

Na likishawaka, usimruhusu mtu yeyote achomoe kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma "kupima kama altaneta inachaji". Mchezo huo ulikuwa na nafuu enzi za magari ya kabureta. Leo volti zinaruka ghafla na kuchoma altaneta au kompyuta. Altaneta hupimwa kwa mita hiyohiyo: injini ikiwaka, betri isome kati ya 13.5 na 14.5.

Mwenye haibridi, Prius au Aqua kwa mfano, naye ana betri ndogo ya volti 12, kwa kawaida nyuma, na mara nyingi ndiyo iliyokufa. Hiyo unaweza kuibusti kwa kufuata kitabu cha gari. Waya za rangi ya chungwa usiziguse, na betri kubwa ikiwa ndiyo imeshuka, mwite fundi aliyesomea haibridi. Wala usilitumie gari hilo kumbustia mwenzako.

Oili na maji

Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Kiwango kiwe kati ya alama mbili. Oili nyeusi si tatizo la kukuzuia leo. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni tatizo, kwa sababu maji yameingia, na usiwashe. Ikinuka petroli, ibadilishe kwanza. Gari lililopita mwaka libadilishiwe oili na filta kabla au mara tu baada ya kuwaka.

Kifuniko cha rejeta hufunguliwa injini ikiwa baridi tu, na leo ipo baridi, hivyo itumie nafasi hiyo. Pakipungua ongeza kulanti. Maji ya kisima hapana, hasa Dar es Salaam ambako visima vingi vina chumvi, na chumvi hiyo inakula rejeta kutoka ndani. Mafuta ya breki yaangalie kwenye kikopo chake karibu na kioo, upande wa dereva. Yakiwa chini sana, jiulize yamekwenda wapi kabla ya kuongeza.

Petroli iliyochacha

Petroli ni mchanganyiko, na sehemu nyepesi zinazoshika moto upesi ndizo za kwanza kuyeyukia hewani. Ndani ya miezi mitatu hadi sita kinachobaki ni kizito, kisichotaka kuwaka, na baada ya hapo huanza kuacha utomvu unaonata kwenye pampu na nozeli. Pua inatosha kupima. Petroli nzima ina harufu kali inayopanda kichwani, na iliyochacha hunuka kama rangi ya mafuta ya zamani.

Kama gari limelala miezi mitatu au minne na tanki liko robo, leta petroli mpya kwenye kidumu cha mafuta uongeze hadi zaidi ya nusu. Mchanganyiko huo utawaka. Likipita miezi sita na harufu imebadilika, bora itolewe yote, na filta ya petroli ibadilishwe. Itolewe na fundi, kwenye uwazi, kwa pampu. Ile tabia ya kuvuta kwa mpira na mdomo imepeleka watu hospitali, kwa sababu tone likiingia mapafuni hujeruhi vibaya kuliko likiingia tumboni. Na uchafu huo usimwagwe mtaroni.

Dizeli hudumu zaidi, ila ina adui wake, maji yanayotulia chini ya tanki, na vijidudu wanaoishi pale maji na dizeli vinapokutana wakatengeneza ute mweusi unaoziba filta. Legeza koki ya chini ya filta utoe maji hadi dizeli safi itoke, kisha pampu ya mkono iliyo juu ya filta ibonyezwe hadi iwe ngumu. Kabla ya stata, subiri taa ya koili ya njano izimike.

Sasa ufunguo

Kama gari liko ndani ya banda, lisukume litoke nje au fungua milango yote. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na huua mtu ndani ya banda lililofungwa kabla hajajua kinachomsumbua. Otomatiki isiyo na umeme inaweza kukataa kutoka P. Pembeni ya mkono wa gia kuna kitundu chenye kifuniko kidogo, bonyeza ndani kwa bisibisi na itaachia. Weka jiwe gurudumuni kabla ya kuachia hendibreki.

Zima feni, redio, taa na kiyoyozi. Gia iwe P, au nyutro kwa manyuo na klachi imekanyagwa.

Oili yote ya injini imeshuka chini kwa miezi hiyo, na vyuma vya juu vimekauka. Ni vizuri injini izunguke kidogo kabla ya kuwaka, ili pampu ipandishe oili. Kwenye magari mengi ya nozeli kuna njia rahisi: kanyaga mafuta hadi mwisho, halafu piga stata sekunde tano. Kompyuta ikiona mguu umefika mwisho wakati wa stata hukata petroli, injini inazunguka bila kuwaka. Gari lako likiwa si la aina hiyo, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI, zungusha sekunde tano, irudishe. Pumzika dakika moja. Fanya mara ya pili.

Sasa toa mguu kwenye mafuta na uwashe kawaida. Sekunde kumi zisipite kwa mpigo mmoja, na kati ya mpigo na mpigo ngoja dakika nzima. Stata ya gari dogo inavuta ampia mia moja na kitu, joto lake ni kubwa, na haina feni ya kujipoza. Mipigo minne au mitano ikishindikana, acha. Tatizo si uvivu wa gari.

Lisipowaka, sikiliza

Kimya kabisa, hata taa za dashibodi hazipo: ni betri, kichwa cha betri kilicholegea, au fyuzi kuu.

Tik-tik-tik ya haraka: betri ina umeme wa kuwasha taa lakini si wa kuzungusha injini. Rudi kwenye chaji. Tok moja nzito kisha kimya, huku taa zikiwa kali, ni stata au waya wake. Kugonga stata kidogo kwa mpini wa nyundo wakati mwenzako anashika ufunguo huifanya ijitutumue, nayo ni dawa ya kukufikisha gereji tu.

Inazunguka vizuri na haishiki: hapo ni petroli au moto wa plagi. Mwambie mtu asikilize karibu na siti ya nyuma ambako pampu inakaa. Kwenye baadhi ya magari pampu hulia sekunde mbili ufunguo ukifika ON, lakini kwenye Toyota nyingi haiingii kazini mpaka stata izunguke, kwa hiyo usiihukumu mapema. Ukisikia harufu kali ya petroli, plagi zimelowa. Kanyaga mafuta hadi mwisho upige stata, njia ileile ya awali, zitapumua.

Angalia pia taa yenye picha ya ufunguo au kufuli kwenye dashibodi. Ikiendelea kuwaka wakati ufunguo uko ON, gari halijautambua ufunguo, na hakuna betri itakayosaidia. Kwa gari la kitufe, huenda betri ndogo ndani ya rimoti nayo imekwisha. Kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe, kisha bonyeza. Na kumbuka ile swichi ya siri uliyofungiwa dhidi ya wezi. Wenye magari wengi wameisahau, na mafundi wengi wamelipwa kwa kuikumbuka.

Kuhusu kusukuma: gari la manyuo lenye betri dhaifu laweza kushika kwa gia ya pili. Otomatiki haishiki kwa kusukumwa.

Likiwaka

Usikanyage mafuta. Macho yawe kwenye taa nyekundu ya oili yenye picha ya birika. Ndani ya sekunde chache izimike, na ikibaki, zima injini papo hapo. Kugongagonga kwa vyuma juu ya injini kwa muda mfupi ni kawaida. Moshi mweupe kidogo na matone ya maji kwenye ekzosi pia. Moshi wa buluu unaoendelea baada ya dakika kumi ni oili inayoungua, na mweupe mzito usiokwisha, huku rejeta ikipungua, ni wa kuonwa na fundi. Zungukia tena chini ya gari, maana mivujo mingine hujitokeza tu mfumo ukipata presha.

Jaribu breki kabla gari halijatembea. Kanyaga pedali mara kadhaa injini ikiwa imezimwa hadi iwe ngumu, shikilia, kisha washa: ikishuka kidogo ni nzuri. Ikiendelea kuzama polepole hadi chini, gari haliendi popote. Diski huota kutu juujuu, hasa Kigamboni, Mbezi Beach, Tanga, Zanzibar na kwingine kwenye upepo wa chumvi. Kutu hiyo huondoka kwa kukanyaga breki mara chache kwenye mwendo mdogo, pamoja na sauti ya kukwaruza. Gari likikataa kusogea kabisa, hendibreki imeganda nyuma. Lipeleke mbele kidogo, nyuma kidogo, bila kulikamua. Lisipoachia, gurudumu litolewe na drami igongwe pembeni kwa nyundo ya mpira.

Tairi zilizokaa palepale hupata ubapa, na usukani utatetemeka. Mara nyingi hutoweka zikipata joto. Endesha nusu saa kwa utulivu mtaani, ukizunguka karibu na nyumbani na si ukielekea Morogoro. Nusu saa hiyo haitaijaza betri iliyokuwa tupu, hivyo ichaji usiku wake.

Kabla ya kutoka getini, hakiki bima. Ya mwaka jana huenda imeisha ulipokuwa safarini, na hata bima ndogo inatakiwa kwa sheria, gari likienda gereji ya mtaa wa pili au kokote. Ukigonga mtu bila bima, gharama zake ni zako.

Ukijua utaondoka tena zaidi ya mwezi mmoja, fanya haya siku ya mwisho. Badilisha oili kama ni chafu, jaza tanki, jaza upepo kupita kawaida kwa psi tano hivi, weka mawe gurudumuni na uache hendibreki chini, kisha chomoa kichwa cha − cha betri. Andika namba ya siri ya redio kwanza kama inayo. Kama kuna mtu wa kuaminika mwenye leseni, usichomoe betri. Mpe ufunguo na pesa ya petroli, alitembeze kilomita 20 kila baada ya wiki mbili.